Kadi ya Grafiki Ni Moja, Mfumo Endeshi Ndio Unaoamua

Chukua kadi moja tu: GeForce GTX 1050 Ti ya NVIDIA, iliyotoka Oktoba 2016 ikiwa na kumbukumbu ya GB 4. Ichomeke kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows 10, na muda si mrefu itakuwa inaendesha michezo na kuhariri video. Ichomeke kwenye mashine hiyohiyo ikiwa na Linux: picha utaiona, lakini kadi itatumia sehemu ndogo ya uwezo wake mpaka uiwekee draiva (programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi) ya NVIDIA wenyewe. Ipeleke kwenye Mac Pro ya zamani, nayo itakubali macOS High Sierra ya 2017 na kugoma kwa kila toleo lililofuata. Chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni mfumo endeshi.

Ndiyo maana swali ambalo mafundi huulizwa kila siku, "kadi gani nzuri?", halijibiki likiwa peke yake. Nina hakika kwamba mnunuzi anatakiwa kuanza na mfumo anaoutumia na kasha alilonalo, kisha ndipo aulize nguvu za kadi. Wengi huanza na nguvu, halafu wanarudi nyumbani na kadi ambayo ingemfaa mtu mwingine.

Kabla mfumo haujaamka

Zipo hatua ambazo Windows, Linux na macOS hazihusiki nazo kabisa. Nazitenga mapema kwa sababu kasoro za hatua hizi ndizo zinazosingiziwa draiva mara nyingi.

Ya kwanza ni umeme. Sloti ya PCI Express ya x16, yaani tundu refu la ubao mama linalochomekwa kadi, kwa mujibu wa kiwango chake, hutoa hadi wati 75. Kadi inayotaka zaidi huletewa umeme kwa kebo kutoka kwenye pawa saplai: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 huongeza wati 150. Sasa fikiria mashine zinazouzwa Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi. Nyingi ni za ofisini, zilizotumika kwanza ng'ambo, za aina ya Dell OptiPlex na HP EliteDesk. OptiPlex 7010 ya kasha jembamba, modeli ya 2012, ina pawa saplai ya wati 240 na haina kebo ya kulisha kadi. Kadi ya kimo cha kawaida haiingii humo. Inatakiwa ile fupi yenye bamba nusu la kuifungia kwenye kasha. Na usitegemee kubadilisha pawa saplai kirahisi, kwa kuwa makasha hayo yana umbo lao, na modeli kadhaa za Dell na HP zina plagi zao pia, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida ya dukani haikai.

Kwa mashine ya namna hiyo, uchaguzi wa kweli ni kadi fupi zinazokula umeme wa sloti pekee: GTX 1050 Ti na GTX 1650 za umbo fupi, Radeon RX 550, au RX 6400 yenye wati 53. Hata hapo, soma kijitabu cha modeli yako, maana baadhi ya watengenezaji huweka kikomo cha chini ya wati 75 kwenye sloti za makasha membamba. Kuna watu watakaokushauri ununue kebo ya kugeuza plagi ya SATA, ile ya diski, kuwa plagi ya kadi. Kataa. Plagi ya SATA imeundwa kubeba takriban wati 54 kwenye waya wa volti 12, na kadi inayovuta zaidi ya hapo inaweza kuiyeyusha.

Ya pili ni njia za data. RX 6400 huvutia kwa sababu ni mpya na haili umeme mwingi, lakini imepewa njia nne tu za PCI Express 4.0. Ikiwekwa kwenye ubao mama wa kizazi cha 3.0, kama huo wa OptiPlex, upana wa njia hizo unabaki nusu, na michezo inayojaza GB 4 za kumbukumbu yake hukwama pale ambapo kadi ya zamani yenye njia kumi na sita hupita. Kwenye mashine ya zamani, kadi ya zamani kidogo inaweza kuwa chaguo bora.

Ya tatu ni fimwea. Kila kadi hubeba programu yake ndogo ambayo BIOS ya kompyuta, yaani programu ya ubao mama inayoiamsha mashine, huiendesha ili picha ionekane kabla mfumo haujapakiwa. Kompyuta za sasa huanzia UEFI, mrithi wa BIOS, na kadi nyingi za kabla ya 2012 hivi hazina programu ya kuzungumza na UEFI. Ukizima hali ya utangamano wa BIOS ya zamani, kadi kama hizo huacha skrini nyeusi, na mwenye kompyuta anadhani kadi imekufa. Kama diski yako ya Windows imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, hifadhi ufunguo wake wa kurejesha kabla hujagusa bisibisi, kwa sababu mabadiliko ya vifaa yanaweza kuufanya uombwe.

Baki na jambo la kebo. Monita lazima iunganishwe na kadi mpya, si tundu la ubao mama. Simu nyingi za "kadi haitoi picha" huishia hapo. Na kwa wenye monita za VGA: kadi za NVIDIA tangu kizazi cha Pascal cha 2016 hazitoi tena mawimbi ya analojia, kwa hiyo utahitaji kigeuzi chenye saketi ndani yake, si plagi tupu ya kuunganisha.

Kwa nini draiva hazifanani

Draiva ya grafiki ina sehemu mbili. Moja hukaa ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo, na kusimamia kumbukumbu ya kadi, umeme wake, kasi yake na matundu ya monita. Nyingine hukaa karibu na programu na kutafsiri amri za kuchora: kwenye Windows amri hizo ni za DirectX zaidi, kwenye Linux ni Vulkan na OpenGL, kwenye Mac ni Metal. Sehemu zote mbili huandikwa upya kwa kila mfumo. Keneli ya Windows haifanani na ya Linux, na Apple haimruhusu kila mtu kuingia kwenye yake. Hivyo kadi moja inaweza kuwa na draiva nzuri mahali pamoja, dhaifu mahali pengine, na isiwe nayo kabisa mahali pa tatu.

Windows ndiko kwenye kazi nyepesi. Tangu Vista, iliyoingia sokoni Januari 2007, Microsoft iliweka muundo mmoja wa draiva za grafiki, na watengenezaji wote huufuata. Ukiwasha mashine yenye kadi ngeni, Windows huanza na draiva ya msingi, ambayo kwenye Device Manager huonekana kwa jina la Microsoft Basic Display Adapter. Picha huwa kubwa kupita kiasi na video hukatakata. Kukiwa na intaneti, Windows Update yenyewe hutafuta draiva inayofaa, ingawa mimi hupendelea kuchukua ile ya tovuti ya NVIDIA, AMD au Intel.

Ugumu huja unapohama kampuni, tuseme kutoka Radeon kwenda GeForce. Mabaki ya draiva ya kwanza yanaweza kugombana na ya pili. Mafundi hutumia programu ya bure iitwayo Display Driver Uninstaller: unaiendesha ukiwa kwenye Safe Mode (hali ya Windows inayopakia vitu vya lazima tu), intaneti ikiwa imekatwa ili Windows isiharakishe kupakua draiva nyingine katikati ya usafi, unazima mashine, ndipo unabadilisha kadi. Ukibaki kwenye kampuni ileile huhitaji yote hayo.

Lakini Windows ina saa yake. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa sharti rasmi haikubali prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache za kizazi cha saba. OptiPlex 7010 ina ya kizazi cha tatu. Upande wa kadi, NVIDIA ilitangaza kwamba vizazi vya Maxwell, Pascal na Volta, ambamo GTX 1050 Ti imo, havitapata tena draiva za michezo mipya baada ya Oktoba 2025. Vinabaki na masasisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kadi itaendelea kufanya kazi. Kilichokoma ni matengenezo kwa ajili ya michezo inayokuja. Kwa hiyo watu wengi wenye mashine hizi wanaigeukia Linux, na huko hesabu ya kadi hubadilika.

Linux, ambako jina la kampuni ni muhimu kuliko modeli

Kwenye Linux, draiva za AMD na Intel huja ndani ya keneli yenyewe. Draiva ya AMD iitwayo amdgpu iliingia kwenye keneli 4.2 mwaka 2015, na sehemu ya pili, ile ya kuchora, hutoka kwenye mradi wa wazi uitwao Mesa ambao usambazaji wote mkubwa, yaani aina za Linux kama Ubuntu, huja nao. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye Ubuntu, Mint au Fedora anayebadilisha kadi ya AMD kwa nyingine ya AMD kwa kawaida hasakinishi chochote. Anachomeka, anawasha, anaendelea na kazi. RX 550, ambayo kwenye Windows AMD imeiweka kwenye tawi la draiva za matengenezo madogo, kwenye Linux bado inahudumiwa na draiva ileile ya kadi mpya. Kwa mtu anayeihuisha mashine ya zamani na hana kazi inayodai CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi), AMD ndiyo kadi ninayompendekezea bila kusita.

Kuna mtego mmoja upande huu: kadi isiwe mpya kuliko keneli. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na keneli 6.1, RX 9070 XT ilitoka Machi 2025. Mfumo ulioandikwa kabla ya kadi kuzaliwa hauwezi kuijua, na utaachwa na picha ya msingi au skrini nyeusi. Dawa ni keneli na Mesa mpya zaidi, au toleo jipya la usambazaji. Kuna pia mafaili ya fimwea ambayo kadi huyapakia kila inapowashwa. Kwenye Ubuntu yamo kwenye kifurushi cha linux-firmware, kwenye Debian ni firmware-amd-graphics. Yakikosekana, hata keneli mpya haisaidii.

NVIDIA ina historia ndefu na yenye mvutano. Kwa miaka mingi kampuni ilitoa draiva ya Linux iliyofungwa, yaani isiyoonyesha msimbo wake, bila kufungua nyaraka za kutosha. Mwaka 2012, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Linus Torvalds aliyeianzisha Linux aliitukana NVIDIA hadharani kwa sababu hiyo. Wanajamii wa Linux waliandika draiva yao ya wazi, nouveau, kwa kuchunguza jinsi kadi zinavyofanya kazi. Kisha, kuanzia kadi za GTX 900, NVIDIA ilidai kwamba fimwea inayopandisha kasi ya chipu iwe na sahihi yake ya kidijitali. Nouveau haina sahihi hiyo. Hapo ndipo GTX 1050 Ti yetu inapokwama: chini ya nouveau hubaki kwenye kasi ya kuanzia, na hakuna mpangilio utakaobadilisha hali hiyo.

Mei 2022 NVIDIA ilifungua sehemu ya keneli ya draiva yake, hatua kubwa kwa kweli, lakini kwa kadi za Turing za 2018 na kuendelea, kwa kuwa hizo zina prosesa ndogo ndani yake inayobeba kazi ambayo zamani ilifanywa na draiva. GTX 1650 imo. GTX 1050 Ti haimo. Hiyo inategemea draiva iliyofungwa, na tawi la 580 ndilo la mwisho linaloitambua. Tawi la 590 limeitoa. Mwishoni mwa 2025 watumiaji wa Arch Linux wenye kadi za Pascal walilazimika kuhamia kwenye kifurushi cha tawi la zamani, kwa sababu Arch hufuata matoleo mapya mara tu yanapotoka. Mtu mwenye kadi ya namna hii akae kwenye usambazaji unaotunza matoleo kwa muda mrefu, kama Ubuntu LTS au Debian, ambao haumsukumi.

Namna ya kuisakinisha ina uzito wake. Chukua kifurushi cha usambazaji wako: kwenye Ubuntu amri ni `sudo ubuntu-drivers install`. Acha faili la .run la tovuti ya NVIDIA. Sababu ni kwamba sehemu ya keneli lazima iendane na keneli iliyopo, na kila keneli inaposasishwa nayo inapaswa kutayarishwa upya. Vifurushi vya usambazaji hulishughulikia hilo vyenyewe. Faili la .run huandika juu ya mafaili ambayo msimamizi wa vifurushi anadhani ni yake, na siku ya sasisho la keneli unaamkia skrini nyeusi.

Jingine linalowaangusha wengi ni Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokagua sahihi za programu mashine inapowaka. Ikiwa imewashwa, keneli hukataa draiva isiyo na sahihi inayotambulika. Ubuntu, inapolazimika kutayarisha draiva kwenye mashine yako, hutengeneza ufunguo, hukuomba nenosiri, na mashine inapowashwa upya huleta skrini ya buluu ya kuusajili. Skrini hiyo husubiri sekunde chache tu. Asiyejua huipita, kisha anashangaa draiva imesakinishwa na haifanyi kazi. Amri ya `mokutil --sb-state` itakuambia kama Secure Boot imewashwa.

Ukikutana na skrini nyeusi, kabla ya kukata tamaa na kusakinisha mfumo upya, bonyeza e kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla Linux haijapakiwa, na uongeze neno `nomodeset` mwishoni mwa mstari unaoanza na linux. Utapata picha ya msingi inayotosha kurekebisha draiva. Na ukihama kutoka NVIDIA kwenda AMD, ondoa vifurushi vya NVIDIA kwanza na utazame kama kuna faili la /etc/X11/xorg.conf lililobaki; mara nyingi ndilo linaloendelea kuitafuta kadi isiyokuwepo.

Intel Arc hutambuliwa moja kwa moja tangu keneli 6.2 ya Februari 2023. Inataka, hata hivyo, uwezo wa ubao mama uitwao Resizable BAR (prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo), ambao mashine za 2012 hazikuuzwa nao, kwa hiyo si kadi ya OptiPlex yetu.

Mac: mlango uliokwisha fungwa

Kwenye Mac za mezani, habari ya kubadilisha kadi ni habari ya Mac Pro karibu peke yake, na ya wakati uliopita zaidi ya ujao. Mac Pro za 2010 na 2012 zina sloti za PCI Express na plagi mbili za pini 6 ndogo, jumla ya wati 225 pamoja na sloti. macOS Mojave ya 2018 ilipodai Metal, kadi za asili za mashine hizo hazikukidhi, na Apple yenyewe ikataja kadi mbadala, mojawapo Sapphire Radeon PULSE RX 580 ya GB 8. Kadi hiyo haihitaji draiva ya kusakinisha. Hasara yake ni kwamba haina fimwea ya Mac, hivyo skrini ya kuchagua diski wakati wa kuwasha haionekani. Picha huja macOS inapoanza kupakiwa.

Kwa NVIDIA, draiva za wavuti, zile zilizopakuliwa kutoka kwa NVIDIA wenyewe, ziliishia High Sierra. Kadi chache za kizazi cha Kepler, ambazo draiva zao zilitoka Apple, ziliendelea hadi Big Sur, na Monterey ya 2021 ikaziondoa. AMD ilifika hadi familia ya RX 6000. RX 7000 haikupata draiva ya macOS. Mac Pro ya 2023 yenye chipu ya M2 Ultra ina sloti, lakini haikubali kadi ya grafiki yoyote, na macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Mtu akikushawishi ununue Mac Pro ya zamani kwa hoja kwamba utaiongezea kadi mpya mwakani, hoja hiyo haina msingi tena.

Mifumo miwili, na kadi ya mkono wa pili

Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja wakumbuke kwamba kazi ni mara mbili. Tayarisha Linux kwanza, kadi ya zamani ikiwa bado ndani: sasisha keneli, ondoa draiva isiyohitajika. Kisha ingia Windows, safisha, zima, badilisha kadi. Kila mfumo utaikuta kadi mpya kwa wakati wake.

Na kwa kuwa GTX 1050 Ti inauzwa sana ikiwa imetumika, jua kwamba ni miongoni mwa kadi zinazoghushiwa zaidi. Waghushi huchukua kadi ya zamani, mara nyingi ya GTS 450 au GTX 550 Ti, na kuibadilishia fimwea ili ijitambulishe kwa jina la 1050 Ti. Tundu la VGA kwenye kadi inayodaiwa kuwa 1050 Ti ni dalili ya hatari, kwa sababu niliyoitaja juu. Kwenye Windows, programu ya bure ya GPU-Z hutambua udanganyifu huu na kuweka neno FAKE mbele ya jina la kadi. Kama muuzaji hana Windows, nenda na Linux kwenye flashi, iwashe kutoka hapo, na uandike `sudo dmesg | grep nouveau`. Nouveau husoma namba ya chipu moja kwa moja kutoka kwenye chipu, si jina lililoandikwa kwenye fimwea. 1050 Ti halisi itajiandika GP107. Ukiona herufi GF mwanzoni, ni chipu ya kizazi cha Fermi cha 2010 na 2011; rudisha kadi kabla hujalipa.